Risala ya Wauguzi na Matroni wa Shule za Bweni, Tanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Maafisa Elimu, wakuu wa shule, wazazi, wauguzi na matroni wenzetu. Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Karibu sana. Tanga yetu inasifika kwa waja leo waondoka leo. Wewe ukiondoka, tunakuomba uondoke na karatasi zetu mkononi: rasimu ya mwongozo wa afya kwa shule za bweni.

Sisi ni wauguzi, matroni, patroni na walimu wa afya wa shule za bweni za hapa jijini na jirani zake. Kwetu, shule yenye muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ina bahati. Nyingine zina matroni tu, ambaye mchana ni mlezi na msuluhishi wa ndoo zilizopotea, na usiku ndiye daktari. Mtoto akiamka saa nane za usiku anatetemeka kwa homa, mlango unaogongwa ni wake.

Mheshimiwa, miongozo ya wizara tunaiheshimu. Tunachokosa ni maandishi ya shule yenyewe: nani afanye nini, kwa ruhusa ya nani, na asipokuwepo nani ashike nafasi yake. Haya yanakwenda kwa mazoea, na muuguzi akihamishwa anahama nayo.

Muhula uliopita, katika shule mojawapo, binti wa kidato cha pili alibanwa na pumu usiku. Inhela yake ilikuwepo, salama kabisa, kwenye kabati la ofisi, kwa sababu kanuni ya bweni inataka dawa zote zikabidhiwe. Ufunguo alikuwa nao mwalimu wa zamu, na mwalimu alishakwenda kwake. Matroni akavunja kufuli kwa nyundo ya kugongea misumari ya vyandarua. Mtoto akavuta dawa, akakimbizwa Hospitali ya Bombo, na leo yuko darasani. Asubuhi yake, ajenda ya kwanza ya kikao ilikuwa nani atalipa kufuli.

Hatumnyooshei mtu kidole. Aliyeifungia dawa alifuata kanuni. Aliyeokoa mtoto ndiye aliyeivunja. Kanuni ya namna hiyo ni mbovu, na ndiyo iliyotusukuma kuandika rasimu hii. Humo tumependekeza mwenye pumu akae na inhela yake mwenyewe, ya akiba iwe kwa matroni, na ufunguo wa kabati la dawa usitoke nje ya geti usiku.

La pili ni mizani. Unaweza kushangaa tunazungumzia mizani mbele ya mganga mkuu, lakini shule nyingi hazina. Dawa ya mseto ya malaria hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 24 anameza vidonge 2 kwa mara moja, wa kilo 25 anameza 3. Parasetamoli nayo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo kidonge kizima cha miligramu 500 kinamzidi mtoto wa kilo 25, na tunajua vinavyogawiwa mabwenini kama peremende. Rasimu inataka kila mwanafunzi apimwe uzito anaporipoti, na mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kupewa mseto.

Palipotuchosha ni kwenye siri, na hapo tulibishana hadi chai ikapoa. Daftari la wagonjwa mara nyingi linakaa wazi mezani. Anayesubiri dawa ya mafua anasoma nani ana seli mundu na nani anameza dawa za kufubaza virusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, basi daftari lifungiwe. Lakini mwenye kifafa je? Akianguka bwenini, walio karibu ni wenzake. Tukaamua wanafunzi wote wafundishwe bila kutaja jina la mtu: mgonjwa alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, saa itazamwe, na dakika 5 zikipita bila degedege kukoma apelekwe hospitali. Baadhi yetu bado hawajaridhika. Tungependa kusikia neno lako.

Kuhusu chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na dawa za kichocho na minyoo, tumeandika kwa ufupi: barua kwa wazazi itangulie, isisubiri uvumi uanze kwenye makundi ya WhatsApp.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba wataalamu wako waipitie rasimu, hasa vipimo vya dawa. Tunaomba kila shule ipangiwe kituo cha afya cha karibu, na simu ya mhudumu wa zamu ibandikwe mlangoni kwa matroni. Ukiwa Pongwe usiku, na mgonjwa, Bombo ni mbali. Matroni wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza. Na kwa kuwa wakuu wa shule wamo humu ukumbini, tunaomba uwaulize mbele yetu nani atanunua mizani.

Rasimu iko mezani pako, na kalamu nyekundu tumeiweka juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.