Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Baa za Piano

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, habari za mwaka mzima.

Mkutano uliopita mlitutuma tuisome historia ya baa za piano za wanaume wapenzi wa jinsia moja hapa New York, tukianza na Townhouse, namba 236 East 58th Street. Baadhi yenu mlipinga, na mlipinga kwa nia njema. Mlisema chama cha Waswahili wapenda historia kina mengi ya kutazama kabla ya kufika kwenye baa. Kwa hiyo taarifa hii ni hesabu ya kazi kwa wote, na kwenu nyinyi ni jibu langu pia.

Nianze na neno, maana ndilo lililotugawa. Bibi yangu kule Lamu alikuwa na shoga yake, jirani wa mlango wa pili. Walikaa barazani wakisukana hadi adhana ya magharibi. Shoga kwake alikuwa rafiki wa kike wa kufa na kuzikana. Leo neno hilohilo mtu hutupiwa kama jiwe. Kamati imeamua kwamba katika maandishi yetu kila mtu ataitwa kwa namna ambayo angependa kuitwa mwenyewe.

Townhouse ilifunguliwa mwaka 1989. Ilikuwa baa ya heshima: wanaume wa makamo waliotoka ofisini, suti na tai, piano, na wageni wakiizunguka kuimba. Upande ule wa Manhattan ulikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Miaka ya 1940 na 1950 zilikuwapo baa zenye majina ya ndege, kama Blue Parrot na Golden Pheasant, na waliozijua waliuita mzunguko huo njia ya ndege. Mtu aliingia amevaa vizuri, akazungumza kwa sauti ya chini, akaangalia mlango.

Kwa nini piano? Swali hili lilituchukua miezi, na mimi ndilo nililolipenda kuliko yote. Mwaka 1926 jiji lilitunga sheria ya kabareti: mahali panapouza chakula au kinywaji hapakuruhusiwa muziki wala dansi bila leseni maalumu. Kuanzia 1940 hata mwanamuziki mwenyewe alihitaji kadi ya polisi. Mwimbaji wa jazz Billie Holiday alinyimwa yake mwaka 1947 baada ya kufungwa, na kadi hizo hazikuondolewa hadi 1967. Mwaka 1961 sheria ililegezwa kidogo: wanamuziki wasiozidi watatu waliruhusiwa kupiga bila leseni ya kabareti, mradi vyombo vyao viwe piano, kinanda, akodiani, gitaa au vyombo vingine vya nyuzi. Tarumbeta hapana, ngoma hapana. Masharti hayo yaliangushwa mahakamani mwaka 1986 na 1988, na sheria yote ikafutwa mwaka 2017. Kwa mwenye baa ndogo, basi, piano ilikuwa njia nyepesi ya kuwa na muziki bila kugongana na wakaguzi. Tena wanaume wawili wakicheza dansi pamoja waliiweka leseni ya baa hatarini, lakini wanaume kumi waliosimama kando ya piano wakiimba, nani angewashtaki? Naamini wimbo ulibeba yale ambayo mikono haikuruhusiwa kuyafanya.

Hatari hiyo ya leseni haikuwa hofu ya bure. Marufuku ya pombe ilipokwisha mwaka 1933, jimbo liliunda mamlaka ya leseni, na baa iliyohudumia wapenzi wa jinsia moja ilihesabiwa kuwa pahala pa fujo, hata kama walikaa kimya wakinywa bia zao. Tarehe 21 Aprili 1966, Dick Leitsch, Craig Rodwell na John Timmons wa Mattachine Society, chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, walivaa suti na tai, wakachukua waandishi wa habari, wakapita baa hadi baa wakijitambulisha kuwa wapenzi wa jinsia moja na kuomba kinywaji. Walipofika Julius', West 10th Street, mhudumu aliifunika glasi kwa kiganja. Fred McDarrah akapiga picha. Kiganja kile juu ya glasi ndiyo picha ya kwanza tuliyoitundika kwenye maonyesho yetu. Mwaka 2022 jiji liliitangaza Julius' kuwa jengo la kuhifadhiwa.

Kamati ilikwenda Marie's Crisis, namba 59 Grove Street, hapohapo alipofia Thomas Paine, mwandishi wa wakati wa mapinduzi ya Marekani, mwaka 1809. Jina la baa limechanganya Marie Dupont aliyekuwa mwenyeji wake na maandishi ya Paine yaliyoitwa The Crisis. Unashuka ngazi, unakuta chumba kidogo kimejaa, watu wanaimba bila kipaza sauti. Wageni wanaweka noti kwa ajili ya mpiga piano. Mwenzetu mmoja wa Unguja aliinuka akaenda kumtunza kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu, noti juu, mabega yakicheza. Chumba kizima kilimpigia makofi. Waliokuwa wakipinga mada hii, wawili walikuwapo usiku ule. Waulizeni.

Sasa niseme lililo zito. Townhouse ilifunguliwa wakati UKIMWI ukiwamaliza wateja wake, na haikupita miaka mingi likaja jingine. Mwaka 1991 na 1992 wanaume wawili waliokuwa Townhouse walitoweka, na mwaka 1993 mwingine alitoweka baada ya kuonekana Five Oaks, baa ya piano ya Grove Street. Pamoja na mwanamume mwingine aliyetoweka mwaka 1993, maiti zao zilipatikana zimekatwakatwa kando ya barabara za Pennsylvania, New Jersey na New York. Wengi wetu tunaoishi New Jersey tunapita kwenye baadhi ya barabara hizo kwenda kazini. Watetezi wa kundi la kupinga ukatili dhidi ya wapenzi wa jinsia moja walipaza sauti, lakini uchunguzi uligawanyika kati ya majimbo na ukapoa. Alama za vidole kwenye mifuko ya plastiki zilipochunguzwa upya kwa mbinu mpya huko Toronto, ndipo mwaka 2001 akakamatwa Richard Rogers, muuguzi. Alipatikana na hatia mwaka 2005 kwa mauaji mawili kati ya hayo.

Ndugu zangu, suti na tai hazikuwakinga. Walijisitiri kama jamii ilivyowataka, na walipouawa, haki iliwafikia baada ya zaidi ya miaka kumi. Sikuweza kulisoma jambo hilo na kuendelea kudai kwamba halituhusu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Uanachama na kodi ya ukumbi ni kama mwaka jana.

Ninaomba kura yenu kwa jambo moja: tuwarekodi wazee wa baa hizi. Wazee waliopiga piano na waliosimama kando yake wanapungua. Wawili wamekubali kurekodiwa, ila kwa sharti la kutotajwa majina. Kinasa sauti tunacho, na katibu amejitolea kutafsiri. Anayeunga mkono anyooshe mkono.