Kwa nini tulipu zako za Molo zimetoa majani bila maua

Kila mwaka ikifika Februari, wateja wa kitalu chetu hapa Nakuru hutupigia simu kwa swali lile lile. Ndugu aliye Uingereza ametuma picha za bustani yake: dafodili za manjano, krokasi za zambarau, na vile viua vyeupe vinavyotokeza kwenye nyasi hata kabla theluji haijaisha. Mteja wa Njoro au Molo anajiangalia na sweta zake mbili, anaona baridi anayo ya kutosha, anaagiza vitunguu vya tulipu na kuvipanda. Majani yanatoka mazuri tu. Ua halionekani, au linachanua likiwa limekwama chini katikati ya majani, bila shina la maana.

Samadi haina kosa hapo, na wewe pia huna. Kitunguu cha tulipu kinapouzwa huwa tayari kina ua ndani yake. Kipasue kwa kisu kutoka juu hadi chini, utaliona katikati ya maganda meupe manene, dogo, la kijani hafifu. Kinachongojewa ni baridi ya mfululizo, wiki 12 hadi 16 za nyuzi zisizozidi 9 hivi, ndipo shina lipate kurefuka na kulisukuma ua nje. Mmea huu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, kwenye majira ya baridi ya kweli, na bila baridi hiyo haushtuki. Vile vitunguu ambavyo wateja hutuletea baada ya kukata tamaa, tukivipasua, mara nyingi ua bado limo, ila limekauka na kugeuka kahawia.

Lakini Molo si kuna baridi? Ipo, ya usiku. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku kipimo huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kukicha, jua la ikweta linapiga, na kufikia saa sita watu wamevua masweta. Kule chini kwenye udongo, sentimita 15 kitunguu kilipolala, ule ubaridi wa alfajiri haufiki sawasawa. Nakuru mjini, kwenye mita 1,850, hali ni ngumu zaidi, na Kisumu tusidanganyane.

Kuna wanaotumia friji, na inawezekana. Weka vitunguu kwenye mfuko wa karatasi, mahali penye nyuzi 4 au 5, kwa muda ule ule wa wiki 12 na zaidi. Usiviweke pamoja na ndizi, maembe wala parachichi, kwa sababu matunda yanapoiva hutoa gesi inayoliua ua likiwa bado ndani. Andika pia kwenye mfuko kwa herufi kubwa kwamba si chakula. Vitunguu vya dafodili hasa vina sumu, na mtu akiingia jikoni usiku kutafuta kitunguu cha kukaangia mayai anaweza kujikuta hospitalini. Halafu kuna suala la kalenda: Ulaya vitunguu hivi huuzwa kuanzia Septemba, kwa hiyo ukivitoa kwenye friji ni Desemba, na ua linakutana na jua kali la Januari. Vipande kwenye chungu, uviweke barazani penye kivuli. Vikishachanua, vitupe kwenye mboji. Mwaka wa pili havitakupa kitu. Kwa maoni yetu hiyo ni gharama ya harusi, si ya bustani.

Na kama unataka kuvileta mwenyewe, usivifiche kwenye sanduku la nguo. Sheria inataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kipatikane kabla mzigo haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka. Bila hivyo vitaishia uwanja wa ndege.

Huku kwetu mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Kinachoamsha mimea ni mvua ya Machi baada ya kiangazi cha Januari na Februari, na kuna vitunguu vilivyozoea kungoja mvua hiyo. Tunachokipenda kuliko vyote ni cha hapa hapa, Scadoxus multiflorus kwa jina la wataalamu. Huenda umekiona kando ya vichaka bila kukijali. Mvua za kwanza zikinyesha, ardhi iliyokuwa tupu inatoa shina nene lenye madoa ya zambarau, mara nyingi hata kabla ya majani. Juu yake linafunguka duara jekundu lenye viua vingi vyembamba, kila kimoja na ncha za manjano za chavua. Kinakubali kivuli cha mti, na Kisumu pia kinastawi. Kina sumu kwa mifugo, kwa hiyo kipande mbali na kamba ya mbuzi.

Kwa baridi ya Njoro, Molo na Kericho tunakushauri pia arum nyeupe, hasa kama una mahali panapotuama maji kidogo, na agapantha za buluu, zote za Afrika Kusini. Gladiola hazina masharti: zipande sentimita 10 hadi 15 chini, chache kila baada ya wiki mbili, ili zisichanue zote kwa pamoja. Kwa udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa nyanda za Kano, inua tuta kwanza, la sivyo mvua ya Aprili itavioza vyote.

Adui mkubwa wa huku juu ni fuko. Anakuja kwa chini, anavuta gladiola nzima, nawe unabaki kushangaa jani linavyotoweka ardhini. Dawa tunayoiamini ni kikapu cha waya wa kuku, kizikwe na kitunguu ndani yake. Tunavisuka hapa kitaluni kwa vipimo unavyotaka.

Oda za masika tunazipokea kuanzia Januari, na upanzi ufanyike mwisho wa Februari au mapema Machi, kabla mvua haijakolea. Ukituandikia, tuambie unaishi wapi, udongo wako ni wa rangi gani, na kama una mifugo au watoto wadogo. Walio nje ya Nakuru tunawatumia mzigo kwa matatu, vitunguu vikiwa vikavu ndani ya karatasi. Ukivipokea vitoe siku hiyo hiyo, na chochote kilicho laini ukikibonyeza, kipige picha ututumie tukubadilishie.