Kaka, ule ukingo ulikuwa na wenyewe

Kaka, shikamoo.

Najua hupendi mambo yetu yatoke nje. Lakini simu zangu hupokei, na hii hata usipoisoma watakusomea.

Mama ananiambia kiangazi hiki mbayuwayu wamewahi, wanapita chini kabisa, karibu waguse maji. Chozi nao wamejaa kwenye mishubiri ya bustanini. Jike anajenga peke yake, kiota kinaning'inia, nyuzi zake utando wa buibui. Nilifurahi sana. Nikamuuliza, na keremkerem? Akanyamaza, kisha akaanza habari za mbuzi.

Wale wenye paji jeupe na koo jekundu, kaka. Wewe ndiye uliyenionyesha wanavyokula nyuki: anamdaka hewani, anarudi naye tawini, anamgonga, anamsugua mpaka sumu imtoke, ndipo anammeza. Ulinishika bega nisije nikawafukuza. Ndiyo maana mpaka leo sikuelewi.

Siku ile ya mchanga wa kaburi la baba maji ya mto yalikuwa yamepungua, ukingo umesimama wima kama ukuta, matundu ya keremkerem kila mahali. Kila tundu ni handaki la karibu mita moja, na makinda wako mwisho wake. Nilikuambia. Nilikuambia mchanga upo tele pale mto unapopinda. Ukasema, "Ndege si wataruka?" Udongo ulipoporomoka nikaona kinda, uchi, macho hayajafunguka. Ukamsogeza kwa koleo huku unaongea na mafundi. Ndege wakubwa walizunguka juu yetu wakilia mpaka jioni, na wewe ukaniambia nisikuaibishe mbele za watu.

Mtafiti mmoja wa ndege, Stephen Emlen, aliwachunguza ndege hawa hawa kule Nakuru, Kenya, kuanzia miaka ya 1970. Wanaishi kwa ukoo. Ambaye kiota chake kimeharibika huenda kulisha makinda wa ndugu yake. Ndege baba naye wakati mwingine humzuia kijana wake asianze kuzaa, ili arudi kusaidia nyumbani. Wewe baba hakukuzuia. Ulibaki kwa hiari yako, ukamwogesha, ukamlisha mpaka mwisho, na hilo nitalisema popote, hata kwa mtu asiyeniuliza.

Kwa hiyo nisikilize. Ukingo mgumu ulio wima usiuguse. Ukitaka mchanga, chota ule ulioletwa na mto wenyewe. Na wanaosema niliondoka msibani bila kuaga kwa sababu ya ndege, waambie nilinyamaza ili baba azikwe kwa amani. Ningebaki, ningesema maneno ambayo undugu wetu usingeyabeba. Nani mwingine alijizuia siku ile? Wewe ulijizuia?

Ukingo wa ng'ambo bado mzima, mama amenihakikishia. Wenye malori wakija, waambie hauuzwi. Nakuja Desemba. Safari hii nikifika usiondoke.