Nyumba ya hita za umeme: je, kuongeza sufi darini kunalipa?

Kila mwaka saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, wateja wetu wa hapa Midlands, Uingereza, huanza kutupigia simu kwa swali lile lile. Nyumba haina gesi, inapashwa joto kwa hita za umeme, na darini tayari kuna sufi kidogo iliyowekwa na mwenye nyumba wa zamani. Mteja anataka kujua kama fedha atakayotoa kuongeza tabaka jingine itamrudia, au itakuwa imekwenda na maji.

Tunaliita sufi lile blanketi la nyuzi za kioo au za mwamba kwa sababu linafanana na sufi ya mito ya kwetu, na hata kazi yake ni ile ile: halizalishi joto lolote, bali hufunga hewa katikati ya nyuzi, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Kwa hiyo thamani ya kila sentimita unayoongeza hutegemea sentimita zilizokuwapo kabla yake, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Dari isiyo na kitu hupoteza takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukiweka sufi ya milimita 100, upotevu hushuka hadi wati 0.4 hivi, ukifikisha milimita 270, ambao ndio unene unaopendekezwa hapa nchini, hushuka hadi karibu 0.16. Tuchukue nyumba ya safu yenye dari ya mita za mraba 45 na majira ya baridi ya kawaida ya Midlands. Milimita 100 za kwanza huokoa yuniti 3,400 hivi za joto kwa mwaka, ilhali milimita 170 zinazofuata huokoa yuniti 500 tu, ingawa ni nene zaidi. Mwenye dari tupu hana haja ya kushauriana na mtu. Aweke sufi kabla ya Desemba. Mwenye milimita 100 ndiye anayestahili kukaa na kalamu.

Sasa yuniti 500 hizo ni fedha kiasi gani? Katika mwaka 2025 kikomo cha bei kilichowekwa na Ofgem, mdhibiti wa gesi na umeme hapa nchini, kwa kaya za kawaida kilikuwa kati ya peni 24 na 28 kwa yuniti ya umeme, na kati ya peni 6 na 7 kwa yuniti ya gesi. Tukitumia peni 26, yuniti 500 za umeme ni pauni 130 kwa mwaka. Tuseme kazi ya kuongeza tabaka imegharimu pauni 600: kwa mwenye hita za umeme fedha hiyo hurudi katika muda usiofikia miaka 5, wakati kwa jirani yake mwenye boila ya gesi hurudi baada ya miaka 16 au 17, tukihesabu na gesi kidogo inayopotea kwenye boila. Nyumba ni zile zile, na sufi ni ile ile; kilichotofautiana ni bei ya joto linalozuiwa lisitoke. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye gesi, hata akiwa mkweli, haukufai wewe wa umeme.

Hesabu hiyo, hata hivyo, imedhani kwamba nyumba nzima inapashwa joto. Wateja wetu wengi, hasa wenye mita ya kulipia kabla ambayo kwa mazoea tunaiita LUKU, hupasha joto sebule peke yake na kulala kwa mablanketi mawili. Kwa kaya ya namna hiyo, akiba ya fedha itakuwa ndogo kuliko tulivyoonyesha, na faida kubwa itaonekana kwenye vyumba vya juu ambavyo havitakuwa baridi kama zamani. Ni faida ya kweli, lakini si haki kumwambia mtu kwamba atakuwa ameokoa pauni 130 ambazo hakuwa akizitumia.

Wapo pia wanaotuuliza kama ingekuwa bora kununua hita mpya «isiyokula umeme». Hita ya mafuta, ya paneli, au ya feni, zote hugeuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto. Hakuna iliyo na muujiza wa kuzidi hapo, hata tangazo likisema nini. Kifaa pekee kinachovunja kanuni hiyo ni pampu ya joto, ambayo huchota joto la hewa ya nje na kutoa yuniti 3 hivi za joto kwa kila yuniti moja ya umeme. Mwenye pampu ya joto atapata akiba ya pauni 40 na kitu tu kutokana na tabaka lile la pili, na kwake hesabu inakaribiana na ya mtu wa gesi.

Hita za matofali, zile zinazochajiwa usiku kwa saa 7 za bei nafuu, zinastahili neno la peke yake. Matofali hutoa joto lake mchana kutwa, unataka au hutaki, na katika nyumba inayovuja huwa yamepoa kufikia magharibi, wakati ambapo watoto wamerudi kutoka shuleni na chakula kiko jikoni. Mtu hulazimika kuwasha hita ya ziada kwa bei ya mchana. Nyumba iliyohamiwa vizuri, yaani iliyozuiwa isipoteze joto, huvusha joto la usiku hadi saa tatu au nne za usiku unaofuata, kwa hiyo sehemu kubwa ya yuniti zinazookolewa ni zile ghali.

Kabla ya yote hayo, lakini, tunapenda kumwomba mteja apitishe kiganja chake kandokando ya milango, kwenye tundu la barua, kwenye mfuniko wa dari na pale mabomba yanapoingilia ukutani. Nyumba ya mita za ujazo 200 ambayo hewa yake yote hubadilika mara moja kwa saa hupoteza wati 66 kwa kila nyuzijoto. Kupunguza mabadiliko hayo ya hewa hadi mara 0.7 kwa saa huokoa wati 20, karibu maradufu ya lile tabaka la pili darini, kwa gharama ya mipira ya milango na bomba chache za silikoni. Kazi hii hatuilipishi sana, na wengi huifanya wenyewe kwa Jumamosi moja. Kisichozibwa ni matundu madogo ya hewa juu ya madirisha na feni ya bafuni, kwa sababu mvuke wa kupika ugali, kuoga na kuanika nguo ndani usipopata pa kutokea hutua kwenye kuta baridi, na kuvu huanza pembeni mwa kabati.

Darini kwenyewe kuna makosa tunayoyakuta mara kwa mara. Sufi husukumwa mpaka kwenye upenu na kuziba njia ya hewa, ambayo inapaswa kubaki walau milimita 50, na mbao za paa huanza kulowa. Tangi la maji na mabomba huachwa uchi, ingawa dari iliyohamiwa huwa baridi kuliko ilivyokuwa, na mabomba yakaganda Januari. Tangi huzungushiwa sufi pembeni na juu, huku chini yake pakiachwa wazi ili joto la chumba liliguse. Mbao za kuwekea masanduku hupigiliwa moja kwa moja juu ya sufi na kuikandamiza, na sufi iliyokandamizwa imepoteza ile hewa tuliyoitaja mwanzo. La hatari zaidi, katika nyumba za umeme hasa, ni waya wa shawa ya umeme kufukiwa chini ya sufi: waya huo hubeba mkondo mkubwa, na ukikosa pa kutolea joto lake huchemka. Sisi huuinua juu ya sufi, na pale urefu wake usiporuhusu, tunamwita fundi umeme kabla ya kuendelea.

Hatuweki povu la kunyunyizia chini ya vigae. Baadhi ya benki hukataa kutoa mkopo kwa nyumba yenye paa la namna hiyo, na kuliondoa ni ghali kuliko kuliweka.

Mpangaji wa fleti ya ghorofa ya katikati hana dari ya kuhami. Jirani wa juu anamsaidia bila kujua, kwa hiyo mpangaji huyo afanye kazi ya milango na madirisha tu. Kwa wenye nyumba, kodi ya ongezeko la thamani kwenye kazi za uhami zinazofanywa na fundi hapa Uingereza ni sifuri hadi tarehe 31 Machi 2027, ingawa anayenunua sufi dukani na kuiweka mwenyewe hulipa asilimia 20 kama kawaida.

Ukitaka tukufanyie hesabu ya nyumba yako, panda na rula, pima unene wa sufi mahali patatu, piga picha ya upenu na ya waya wa shawa, kisha ututumie pamoja na bili ya Januari au Februari. Ukiwa tayari una milimita 200 au zaidi, huenda tukakuandikia kwamba hatuna kazi ya kukufanyia.