Leseni imetoka, ufunguo usubiri masika

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Pemba, na wa Unguja pia, juu ya watoto wetu wanaopata leseni ya udereva. Nimeendesha gari za abiria miaka 29, zaidi njia ya Chake Chake na Konde, na sasa nimepumzika. Kwa miaka yote hiyo niliamini kuwa mambo ya barabarani nayajua. Mwezi wa Aprili mwaka huu nilitambua kwamba kwa mwanangu mwenyewe sikuitimiza kazi yangu.

Binti yangu alipata leseni Februari. Alifundishwa wiki kadhaa, asubuhi, wakati wa kiangazi, kwenye kiwanja kikavu na barabara iliyonyooka. Alirudi nyuma vizuri, alipita baina ya vijiti bila ya kugusa hata kimoja, na alama za barabarani alizijua kuliko mimi. Siku ileile leseni ilipotoka nikampa ufunguo wa gari.

Miezi miwili baadaye alikuwa anarudi Wete kutoka Chake wakati wa magharibi. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, haijapata hata robo saa. Kwenye mteremko akatokea mzee na baiskeli mbele yake, mzigo wa majani ya ng'ombe umemfunika hata haonekani kama ni mtu. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari haikusimama. Iliteleza, ikampita mzee yule kwa upana wa kiganja, ikaingia mtaroni. Alhamdulillahi, mzee alikuwa mzima, na binti yangu alitoka na mchubuko wa mkanda begani tu. Bila ya mkanda ule leo nisingekuwa naandika barua ya namna hii.

Nilifika pale kwa honda, yaani pikipiki, ya jirani. Mwanangu kakaa juu ya jiwe, mikono inamtetemeka, mguu mmoja hauna kiatu. Akaniambia, "Baba, nilikanyaga breki, gari haikunisikia." Nilimkumbatia, kisha nikainama ndani ya gari na tochi. Ndara yake moja ilikuwa imejibana chini ya pedali ya breki.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilipiga goti kwenye tairi la mbele, nikasugua udongo kwa kidole. Ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, pengine upande wa ndani, itakubidi uingie uvunguni kuziona. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. La kwetu liliandikwa 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Gari ilitoka Japani imekwishatumika na tairi zake zikaja nayo. Kashata, yale meno ya tairi yanayoshika njia, bado zilikuwa nene, ndiyo maana sikuwahi kuzitilia shaka. Lakini ubavuni mlikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu, na mpira ulikuwa mgumu, ukucha hauzami. Mpira uliozeeka haushiki lami iliyoroa, hata ukiwa mnene kiasi gani. Miaka 29 nimebeba roho za watu, na tairi la gari ya mwanangu sikulipigia goti hata siku moja.

Upepo wa tairi nao ulikuwa vilevile. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo yake kuna kibandiko. Cha gari yetu kimeandikwa 220. Fundi wa tairi kila siku akiniuliza atie ngapi, mimi humjibu atie wa kutosha. Ile 220 ni kilopaskali, na kwenye geji ya fundi ni sawa na 32. Alipozipima baada ya ajali, moja ilikuwa na 21. Dereva mpya afundishwe kukisoma kibandiko hiki kabla hajafundishwa kupaki.

Sasa niseme juu ya kukaa, kwani ndipo kazi inapoanzia. Vijana wengi hukaa wamelala nyuma kama wako barazani, mkono mmoja juu ya usukani. Kiti kisogezwe mpaka breki ikikanyagwa hadi mwisho goti libaki limekunjika kidogo, mgongo umegusa kiti, na ukinyoosha mkono kiungo cha mkono kilale juu ya usukani. Lakini kifua kisikaribie usukani kupita sentimita 25, kwa sababu ule mfuko wa hewa unaporuka huruka kwa nguvu ya kuumiza. Wanawake wanaovaa baibui, kama binti yangu, waukunje upindo mpaka usifike kwenye pedali. Viatu viwe vya kushika mguu, au bora miguu mitupu kuliko ndara. Na chupa ya maji isiwekwe chini: ikibingirika ikaingia nyuma ya breki, breki hiyo haipo. Vioo vyote vitatu vitengenezwe gari imesimama.

Pemba yetu ni vilima na mabonde, haifanani na Unguja. Anayejifunza penye tambarare hajui kuteremka. Gari nyingi zinazokuja siku hizi ni za otomatiki, na kijana anajua D ya kwendea mbele tu, basi. Zile L na 2 zilizopo chini yake hajapata kuzigusa, wala hakuna aliyemwambia ni za nini. Mteremko mrefu hushukwa kwa gia ndogo kama hizo, injini yenyewe ikaizuia gari, breki zikapumzika. Ukiteremka umekanyaga breki muda wote zinapata moto, pedali inakuwa laini kama unakanyaga mkate wa mofa uliorowekwa, na pale unapozihitaji kweli hazipo. Abiria wangu wa zamani wanakumbuka nikiingiza gia ndogo kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Walikuwa wakinung'unika kwamba nawachelewesha.

Mvua ya kwanza ni mbaya kuliko mvua kubwa. Vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami kiangazi chote yanachanganyika na maji, na dakika zile za mwanzo lami ndiyo inayoteleza zaidi. Mwanangu hakuambiwa hilo kiwanjani. Hakuambiwa pia hesabu hii, na mimi nilimwandikia kwenye karatasi baada ya ajali: gari ikienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde inakwenda mita 22. Sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki, imekwisha kula mita hizo zote. Na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama tangu breki ishike huzidi mara nne. Kwa hiyo umbali baina yako na gari ya mbele uhesabu kwa sekunde: mbili penye ukavu, nne penye mvua. Gari ikianza kuelea juu ya maji usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka, ngoja tairi ziiguse lami tena.

Kuna hatari nyengine ambayo ni ya kwetu, na sijaiona katika kitabu chochote cha udereva. Msimu wa karafuu majamvi hutandikwa kando ya barabara, pengine mpaka juu ya ukingo wa lami, kwa sababu lami ina joto na karafuu hukauka upesi. Dereva mgeni huona njia imekuwa nyembamba, akahamia kati. Aliyezaliwa hapa anajua zaidi ya hapo. Tazama wingu linapotanda. Kila nyumba watu hutoka mbio kuanua karafuu, mama, watoto, bibi na kipolo chake, na mtu anayeanua hatazami gari, anatazama mbingu. Mtoto atavuta pembe ya jamvi akirudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara, mgongo wake umekuelekea wewe. Nimeyaona haya mara zisizo na idadi. Ukiona kiza cha mvua na majamvi yako nje, punguza mwendo mpaka kama wa mtembea kwa miguu, hata kama barabara ni tupu kabisa. Hao watu watatoka. Basi umewahi lini kusikia somo hili likifundishwa kwa mwanafunzi wa udereva hapa kisiwani?

Ng'ombe aliyefungwa kando ya njia naye hufungwa kwa kamba ndefu, na akivuka upande wa pili kamba huvuka pamoja naye. Kwa honda hiyo ni kamba ya shingo.

Na saa ya magharibi. Huku kwetu jua likishatua kiza hakichelewi. Katika Ramadhani saa ile huwa nzito zaidi: kila mtu anakimbilia futari, dereva ana kiu tangu alfajiri, kichwa chepesi, watoto wanatumwa dukani dakika ya mwisho. Dereva wa miezi miwili asiwepo barabarani peke yake saa hiyo. Futari ya kokwa ya tende na maji njiani haimpunguzii mtu chochote.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Ni umri wa wanetu haswa, wanaoendesha na wanaovuka.

Ninalowaomba wazazi ni jambo moja. Leseni ikitoka, ufunguo usitoke siku hiyo. Kijana aendeshe, tena aendeshe sana, lakini pembeni yake akae dereva wa siku nyingi, baba, mama, ami, mjomba, yeyote aliyetulia, mpaka apite masika moja nzima na msimu mmoja wa karafuu. Aonje usiku, aonje mteremko uliorowa, aonje Darajani mjini Unguja siku ya Jumamosi. Aliye pembeni asipige kelele. Kupiga kelele kunamfanya kijana amtazame mpiga kelele badala ya njia.

Jirani yangu ameniambia namdhalilisha binti mtu mzima, mwenye kazi na leseni ya serikali. Nimemsikiliza. Lakini New Zealand walianza tangu mwaka 1987 kuitoa leseni kwa hatua: dereva mpya hawezi kuendesha peke yake usiku wa manane wala kubeba abiria mpaka amepita muda wake, na nchi nyingi zikafuata. Hakuna anayesema vijana wao wamedhalilishwa. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria, kwani ufunguo uko kwenye msumari wa ukuta wa nyumba zetu wenyewe.

Kwa wanaofundisha na wanaotahini, ombi langu ni fupi. Mtihani upite kwenye mteremko wa kweli. Mwanafunzi akalishwe chini asome tarakimu za tairi. Na mvua ikinyesha siku ya somo, somo lisiahirishwe, hiyo ndiyo siku yenyewe.

Tairi mpya nne tumenunua, tumepunguza mengine. Kwa wiki tatu binti yangu hakutaka kuugusa usukani, na sikumlazimisha. Ijumaa iliyopita baada ya alasiri alikuja mwenyewe na tochi mkononi, akapiga goti kwenye tairi la mbele kabla yangu, akanisomea tarakimu. Kisha akavua ndara zake, akaziweka kiti cha nyuma. Ijumaa hii, inshaallah, tunakwenda Konde na kurudi baada ya magharibi. Ataendesha yeye.

Dereva mstaafu,
Wete, Pemba