Askari Wako Wasipande Kwenye Buti la Basi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata na habari ya safari ya Nairobi, kwenda kucheza na wenzako ule mchezo wa vita wa mezani kwa askari wadogo wa sanamu, nimeielewa. Nyumbani wote wazima, isipokuwa mdogo wako ana mafua tangu mvua zianze, na unamjua, anataka apikiwe uji kila saa.

Umeniomba nifunge lile boksi la askari nilipeleke stendi, nilikabidhi kwenye basi, wewe ulipokee Nairobi ukitokea Dar. Hapana. Njoo Mwanza kwanza, ulale siku mbili, ulibebe mwenyewe. Panda treni ya umeme mpaka Dodoma upumzishe mgongo, halafu uunganishe basi. Na kabla hujaja nataka tukubaliane namna ya kuwafunga, maana kufunga vitu vinavyovunjika ndiyo kazi iliyokulipia ada.

Jana usiku nimefungua boksi lako mezani nikawatoa mmoja mmoja. Umewalaza kwenye sponji la godoro, umechimba mashimo kwa wembe, kila askari na shimo lake. Kwa kutazama inapendeza. Lakini nikamchukua yule mshika bendera nikamsogeza kwenye taa: ukingo wa kofia, ncha ya pua, vifundo vya vidole, kote rangi imelika mpaka plastiki ya kijivu imetokeza. Sponji ndilo lililomla. Na nilipomrudisha, singe ya jirani yake ilinasa kwenye tundu la sponji ikapinda kabla sijajua ni nini kinavuta. Singe yenyewe ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, wewe unaijua kuliko mimi.

Tangu naanza kuleta vyombo kutoka Kariakoo kuna kitu nimekiona. Katoni inayodondoka mara moja mara nyingi inapona. Inayokufa ni ile iliyoachiwa nafasi ndani, glasi zikawa zinagongana kidogo kidogo kuanzia Morogoro mpaka Shinyanga, na mfunguaji akifungua anakuta vigae. Kwa hiyo mzigo wowote ninaopewa nauliza kwanza umeshikwa wapi. Askari wako ashikwe kitakoni, kwenye kile kibao cha duara anachosimamia, ili bunduki, mkono na bendera visiguse kitu chochote njia nzima.

Hapo ndipo sumaku zinapoingia. Zile ndogo zinazong'aa, za neodimiamu, zenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1 au 2, moja inatosha kumshika askari wa plastiki wa milimita 28. Wale wa madini ya bati na risasi ni wazito, wape mbili au moja kubwa. Fundi redio wa hapa mtaani ameniambia anaweza kunipa sumaku nyeusi za spika mbovu bure. Nimemshukuru nikamwacha nazo; ni nene, zinameguka, na nguvu yake ni ndogo kwa ukubwa wake.

Kosa ambalo naona wenzako wengi wanalifanya, kwa picha ulizonitumia, ni kubandika sumaku ndani kabisa ya kitako, juu, mbali na sakafu. Sumaku ikiachana na bati kwa milimita 1 tu inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Tandika nailoni juu ya bati, weka sumaku juu ya nailoni, itie gundi, halafu mshushe askari juu yake na umwache mpaka asubuhi. Ikikauka itakuwa imekaa sawasawa na ukingo wa kitako, na nailoni itabanduka bila shida.

Bati nitachukua kwa mafundi wanaotengeneza majiko, vipande wanavyotupa vinatutosha. Nitakwenda na sumaku mfukoni, kwa sababu yako mabati ya alumini ambayo hayashiki sumaku hata uyabembeleze. Kingo zitapigwa tupa, nisije nikasikia umekatwa kidole mbele ya watu wa Nairobi. Tutalibandika chini ya boksi la plastiki gumu, lile lenye vibanio pembeni, kwa gundi ya viatu. Supa gluu usiitumie hapo. Inashika upesi, lakini ikikauka inakuwa ngumu na haipendi kupigwa kwa ubavu; boksi likijipinda kidogo bati linabanduka zima na jeshi lote juu yake.

Kwa sababu hiyohiyo mikono ya wale wa madini inakatika kila mara hata ukiirudishia gundi ileile. Toboa kwa keekee ndogo ya milimita 1, upande wa bega na upande wa mkono, pitisha kipande cha waya wa kibanio cha karatasi, ndipo utie gundi. Waya ndio utakaobeba pigo. Na singe za madini zikipinda usizinyooshe kila siku. Kuna siku utabaki nayo mkononi.

Boksi likishakamilika tutaligeuza juu chini juu ya godoro na kulitikisa. Atakayeanguka hajafuzu kusafiri. Heri aangukie chumbani kwako kuliko Tarime.

Sasa wapagazi. Hawa nimekaa nao muda mrefu. Sikuwa najua kwamba umewatengeneza. Nilidhani jeshi lako ni la wenye bunduki tu, wa Mjerumani na wa Mwingereza, tayari kwa ile Vita Kuu ya Kwanza ya huku kwetu, ya 1914 mpaka 1916, Mwingereza alipouchukua mji wa Mwanza mwezi Julai 1916 na Mjerumani akakimbilia Tabora. Wabeba mizigo katika vita ile walikuwa wengi kuliko wapiganaji, na Wasukuma na Wanyamwezi walikuwemo tele, na wengi wao hawakurudi makwao. Watu wanaocheza michezo hii huwasahau, nadhani kwa sababu mpagazi hapigi risasi na hana pointi. Wewe hukuwasahau. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi ulipofaulu hesabu.

Lakini ndio watakaokutesa njiani. Mzigo umekaa juu ya kichwa, umeshikwa na tone moja la gundi, tena ni mzito kuliko aliyeubeba. Sumaku itamshika miguu vizuri, basi litapiga tuta, na mzigo utaruka peke yake. Nimemtazama yule mwenye kreti la risasi, na tayari kuna mstari mweusi kati ya kichwa na kreti. Kwa hawa waya ni lazima, kutoka utosini mpaka katikati ya mzigo. Mikono iliyoinuliwa usiitegemee, ni pambo.

Na ile meli ndogo ya Mjerumani, Muansa. Nimeipenda, ila dohani na mlingoti umevibandika moja kwa moja, kwa hiyo boksi lake inabidi liwe na kimo cha ndoo. Vikate uvitie sumaku ndogo shinani, vitoke na kurudi. Vikisafiri vimelazwa kwenye karatasi laini ya chooni, meli itaingia kwenye boksi la kawaida. Gazeti usitumie. Mimi hufungia vikombe kwa gazeti kwa sababu vikombe vinaoshwa. Wino wa gazeti ukihamia kwenye rangi yako nyeupe utaosha na nini?

Sponji sijalikataa lote. Farasi na mizinga ambayo haikai vizuri kwenye bati, iweke humo, ila mashimo yawe mapana na kila mmoja avikwe karatasi laini. Wa madini wasikae juu ya wa plastiki, hata kwa tabaka mbili za sponji. Na kabla ya yote uwapake vanishi, ile ya kung'aa kwanza kwa ajili ya ugumu, kisha isiyong'aa juu yake ili wasionekane wamepakwa mafuta. Ziache zikauke siku kadhaa. Vanishi changa kwenye boksi lililofungwa, na joto la basi, inanata.

Joto ndilo linalonifanya nisitake kusikia habari ya buti. Ule mkuki na zile nguzo za hema ulizochapishiwa na rafiki yako kwa mashine, kama ni ile plastiki inayoitwa PLA, zinalainika joto likifika nyuzi 60 hivi. Gari lililoegeshwa juani Bunda, vioo vimefungwa, dashibodi inaweza kufika huko. Zile za rezini zilizo nyembamba nazo hujikunja. Zikijikunja usizilazimishe zikiwa baridi. Zichovye kwenye maji ya moto, zinyooshe, zichovye kwenye ya baridi. Na huko kwenye buti kuna madumu, kuna magunia ya dagaa wa Kanda ya Ziwa wanaokwenda Kenya. Utingo akipata nafasi juu ya boksi lako haulizi kuna nini.

Kwa hiyo ni pajani. Kiti kiwe katikati ya basi. Nyuma, juu ya tairi, kila tuta kuanzia Magu mpaka Lamadi utalihesabu kwa meno. Boksi lisimame wima muda wote. Kadi ya benki isikae mfuko mmoja na sumaku za akiba, ule utepe mweusi wa nyuma unaharibika.

Pale mpakani Sirari wanafungua mizigo, na afisa wa forodha akiona sanamu ndogo nyingi zimepangwa kwa safu atadhani unakwenda kuuza. Ndiyo maana nataka boksi linaloonesha ndani na linalofunguka kwa vibanio, bila tepu. Andika orodha: askari wangapi, farasi wangapi, meli moja, vya matumizi binafsi, vinarudi Tanzania. Uwe na picha zake kwenye simu. Fungua mwenyewe kwa mikono yako, umwambie kwa adabu kwamba askari hawa hushikwa kwenye kibao cha chini. Akitaka kumshika mmoja, mpe mwenye silaha fupi. Ikitokea mwakani ukasafiri kwa ndege, kopo la rangi ya kupuliza liache nyumbani, na boksi uingie nalo ndani.

Huko mezani, chora alama ya rangi moja chini ya kila kitako, kwa sababu khaki ya Mwingereza wako na ya Mwingereza wa mwenzako jioni hazitatofautiana. Beba supa gluu, kijiti na kichupa cha ile khaki. Hesabu kabla ya kufunga, watu wakiwa bado hawajaondoka.

Jambo moja la nyumbani. Sumaku za akiba umeziacha kwenye kisosi dirishani, na mtoto wa dada yako sasa anatambaa na kila kitu kinakwenda mdomoni. Mtoto akimeza mbili, zinavutana tumboni na kubana utumbo katikati, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Nimezifungia kabatini kwenye kopo la kahawa. Ukija utanikuta dukani, ufunguo ninao mimi.

Mabasi ya Sirari yanaondoka alfajiri na viti vya katikati huisha mapema. Nitajie siku nikamwambie mjomba wako akukatie tiketi, na unipe kimo cha mlingoti kwa milimita kabla sijanunua boksi.

Mama yako