Ile picha ya kifaru cha mabati

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama bado anakohoa usiku. Nimekaa kimya tangu arobaini ya Bakari, uniwie radhi. Leo nimeiacha kazi nikuandikie kwa sababu ya ile picha uliyonitumia, ya kifaru cha Warusi huko Ukraine kilichofunikwa mabati hadi kikawa kama banda, nawe ukaandika chini yake, “wachomeleaji wenzako hawa.”

Sikucheka, Hamisi. Niliikuza picha nikatazama maungio. Yamechomelewa haraka, yana mabonge, na kona moja pametiwa kipande cha nondo kuziba pengo. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwamba kesho ataingia humo ndani, au atamwingiza rafiki yake.

Unasema ni ujinga. Basi ujinga huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1944 Wamarekani walikuwa wakiipanga mifuko ya mchanga, magogo na vipande vya minyororo ya akiba juu ya vifaru vyao vya Sherman, wakiogopa Panzerfaust, silaha ya Wajerumani ya kutoboa vifaru. Kombora la namna ile lina koni ya chuma ndani. Likilipuka, koni inageuka mkuki mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Mchanga unauzuia kidogo sana. Jenerali wao Patton aliikataza mifuko hiyo katika jeshi lake: uzito unaua springi na giaboksi. Baadaye akakubali vibandikwe vyuma vilivyokatwa kwenye vifaru vilivyoharibika, na hapo namuunga mkono, maana hicho ni chuma cha deraya, si bati.

Uzito ndio unaoniumiza kichwa. Unakumbuka lile lori nililoliongezea bodi ya chuma, tajiri akasisitiza iwe nene? Wiki ya pili jani kuu la springi likakatika. Na hapo hakuna aliyekuwa akilirushia risasi.

Halafu Vietnam. Septemba 1967 msafara wa malori ya jeshi la Marekani uliviziwa kwenye barabara namba 19, vijana wakafa. Madereva wakaanza kuyageuza malori yao kuwa ya kupigana, wakayajaza mifuko ya mchanga. Mvua ikanyesha, mchanga ukanywa maji, lori likalemewa kabla ya kuondoka. Wakautoa, wakaweka kuta za chuma, wakafunga bunduki za rashasha, kisha wakayapaka majina ubavuni. Yale yalisaidia kweli, kwa sababu waliokuwa wakikosoa kazi ndio waliokuwa wakipanda.

Hapo ndipo ninapokasirika. Desemba 2004, Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya waziri wa ulinzi wa Marekani, Rumsfeld, akamuuliza kwa nini wanachimbua majalala kutafuta vyuma vya kukinga magari yao ya kwenda Iraq. Rumsfeld akamjibu kwamba mnakwenda vitani na jeshi mlilo nalo. Hamisi, fundi akiniambia hivyo kuhusu breki, nitamfukuza.

Narudi kwenye ile picha. Banda lile linaizuia droni isiufikie mwili wa kifaru, sawa. Lakini mzinga hauwezi tena kuzunguka vizuri, na waliomo wanaona mbele tu, kama ng'ombe aliyefungwa macho kwenye kinu cha mafuta. Najiuliza wanatokaje moto ukiwaka. Mlango wa juu unafunguka? Nimeitazama mara kumi, sikuuona.

Una picha nyingine iliyopigwa kwa nyuma? Mjomba wako, si alikuwa fundi wa magari jeshini? Muulize waliwahi kuombwa kuongeza vyuma, na walivifunga kwa bolti au walichomelea moja kwa moja. Springi walifanyaje? Na Mwanaidi ameshajifungua? Mbona hukuniambia lolote?

Nijibu upesi.

Wako,
Seif